Idris Abdul Wakil: Mwalimu Aliyejua Kuondoka

Waamini wanaosali katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, Mji Mkongwe, Zanzibar, wakitoka Misa na kutembea kupitia Mnazi Mmoja hadi Kikwajuni, watakuta ukumbi wenye jina la Sheikh Idris Abdul Wakil. Humo hufanyika mikutano, semina na makongamano. Wengi huingia na kutoka bila kujiuliza mwenye jina hilo alikuwa nani. Vijana wakiulizwa, wachache hujibu kwamba alikuwa Rais wa Zanzibar zamani, halafu hunyamaza. Hawana cha kuongeza.

Tumeona vema kumkumbuka katika ukurasa huu. Yawezekana msomaji akauliza: gazeti la seminari lina shughuli gani na maisha ya Mwislamu, tena mwanasiasa? Jibu letu ni rahisi. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitufundisha kuwaheshimu ndugu zetu Waislamu, na ulitufundisha pia kwamba siasa ikifanywa kwa ajili ya manufaa ya wote ni kazi njema na ngumu. Zaidi ya hayo, sisi tunaojiandaa kuwa wachungaji tutapewa siku moja parokia, shule, ofisi na funguo zake. Kuingia katika madaraka hayo kuna sherehe na vigelegele. Kutoka, mara nyingi, ndiko kunakoonyesha tulikuwa watu wa namna gani. Kwa jambo hilo, maisha ya Sheikh Idris yana funzo, na funzo lenyewe si tamu tupu.

Mtoto wa Makunduchi

Idris Abdul Wakil alizaliwa Makunduchi tarehe 10 Aprili 1925. Makunduchi iko kusini kabisa mwa kisiwa cha Unguja, penye mawe ya matumbawe na udongo haba. Mashamba mazito ya mikarafuu, yaliyoitajirisha Zanzibar ya enzi hizo, hayakuwa huko. Watu wa kusini waliishi kwa uvuvi, kwa kilimo cha kubahatisha kati ya mawe, na kwa kazi ya mikono, hasa kina mama waliofukia makumbi ya nazi, wakayafukua na kuyapiga, kisha wakasokota kamba. Hadi leo watu wa Makunduchi wana lafudhi yao ya Kiswahili, na kila mwezi wa Julai huadhimisha Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya wa jadi, ambayo wageni wengi huja kuiangalia.

Kwa mtoto wa mahali kama pale, katika miaka ya 1930, shule ilikuwa mlango mwembamba. Watoto walijifunza kwanza chuoni, yaani kwa mwalimu wa Kurani, na wachache ndio waliovuka kwenda shule za Serikali, kisha mjini. Wachache zaidi walivuka bahari kwenda Makerere, Uganda. Wakati huo Makerere ilikuwa kisima ambacho Afrika Mashariki yote ilichotea. Idris alifika huko, akasomea, akarudi kuwa mwalimu.

Tukumbuke mwalimu alikuwa nani katika Zanzibar ya wakati ule. Alikuwa ndiye mtu wa kwanza katika kijiji aliyeweza kusoma barua ya Serikali na kuijibu. Wazee walimwendea wapate kuandikiwa. Wazazi walimwachia watoto wao kwa maneno mawili tu, kisha wakaenda zao pwani au shambani. Sheikh Idris alifanya kazi hiyo kwa zaidi ya miaka kumi. Hatuna haja ya kuipamba miaka hiyo. Ualimu ni kazi ya kila siku: kuamka, kuandika ubaoni, kusahihisha madaftari, kumsubiri mtoto mzito wa kuelewa, na mwisho wa mwaka kumwacha aende darasa la juu kwa mwalimu mwingine. Jambo hili la mwisho tutalirudia.

Chaki au siasa

Katika miaka ya 1950 siasa zilianza kupamba moto visiwani. Zanzibar ilikuwa nchi ya Sultani chini ya ulinzi wa Waingereza. Baraza la kutunga sheria lilikuwapo tangu mwaka 1926, lakini wajumbe wake waliteuliwa, na kwa miaka 20 ya mwanzo hakukuwa na Mwafrika hata mmoja ndani yake. Miongoni mwa Waafrika wa kwanza kuteuliwa, katika miaka ya 1940, alikuwamo Sheikh Ameir Tajo, mwalimu wa dini kutoka Makunduchi hiyohiyo. Mwaka 1957 ndipo ulipofanyika uchaguzi wa kwanza, nao ulikuwa wa viti 6 tu. Mwaka huo pia ndipo kilipoundwa chama cha Afro-Shirazi, kikiongozwa na Abeid Amani Karume.

Walimu walijikuta njia panda. Serikali ya kikoloni iliwakataza watumishi wake kujiingiza katika siasa, na walimu wa shule za Serikali walikuwa watumishi. Katazo hilo liliviumiza zaidi vyama vya Waafrika, kwa sababu Waafrika wenye elimu walikuwa wachache na karibu wote walikuwa wameajiriwa na Serikali. Mwenye duka au shamba lake aliweza kusimama jukwaani jioni na asubuhi akaendelea na shughuli zake. Mwalimu hakuweza. Ilimbidi achague moja: mshahara na chaki, au jukwaa na mashaka yake. Wako waliochagua mapema, kama Aboud Jumbe, naye mwalimu aliyesoma Makerere, aliyeacha kazi na kujiunga na Afro-Shirazi. Sheikh Idris aliacha ualimu mwanzoni mwa miaka ya 1960 na kuingia katika siasa za chama hicho.

Hali ilikuwa mbaya. Uchaguzi wa Januari 1961 ulimalizika bila mshindi. Ule wa Juni mwaka huohuo ulifuatwa na ghasia zilizoua watu 68. Majirani waliosali pamoja na kuzikana waliacha kusalimiana. Watu walisusiana harusi na hata maziko kwa sababu ya vyama. Julai 1963 ulifanyika uchaguzi mwingine, wa kuingiza nchi katika uhuru. Afro-Shirazi ilipata zaidi ya asilimia 54 ya kura zote, lakini kwa jinsi majimbo yalivyogawanywa ilipata viti 13 tu kati ya 31. Vyama viwili vilivyoungana, Hizbu na kile cha ZPPP, vilipata viti 18 na kuunda serikali. Sheikh Idris aliingia bungeni kwa uchaguzi huo. Kwa hiyo maisha yake ya kutunga sheria alianza akiwa upande wa upinzani, katika chama kilichokuwa na kura nyingi na viti vichache. Uchungu wa namna hiyo anaujua aliyeuonja.

Mapinduzi na safari

Bunge lile lilikuwa na umri wa nusu mwaka tu. Uhuru ulipatikana tarehe 10 Desemba 1963, na tarehe 12 Januari 1964 yakatokea Mapinduzi. Sultani Jamshid alikimbia kwa meli. Maelfu ya watu walipoteza maisha, wengi wakakimbia. Hata Kanisa letu liliguswa: Wagoa wengi, waliokuwa nguzo ya parokia za Mji Mkongwe, waliondoka kidogo kidogo. Shule zote ziliwekwa mikononi mwa Serikali, na shule ya masista mjini ikapewa jina la Tumekuja. Upande wa pili wa habari hiyo nao usemwe: Septemba 1964 Mzee Karume alitangaza elimu bila malipo, na watoto wa vijiji kama Makunduchi walifunguliwa mlango ambao wakati wa utoto wa Sheikh Idris ulikuwa mwembamba mno.

Sheikh Idris alikuwa miongoni mwa mawaziri wa serikali mpya. Tarehe 26 Aprili 1964 Tanganyika na Zanzibar ziliungana, naye akawa Waziri wa Habari na Utalii katika Baraza la Mawaziri la Muungano chini ya Mwalimu Nyerere. Baadaye alitumwa nje kuwa balozi, katika Ujerumani ya Magharibi na pia katika Guinea. Kwa hiyo miaka mingi ya utu uzima wake aliitumia mbali na kisiwa.

Nyumbani, wakati huo, hapakuwa na bunge. Baraza la Mapinduzi lilitunga sheria na kuzitekeleza lenyewe. Hapakuwa na uchaguzi wa wawakilishi wa watu. Baadhi ya wenzake wa zamani, wakiwamo walimu wasomi wa Makerere waliokaa naye katika chama, walikamatwa na hawakuonekana tena. Tarehe 7 Aprili 1972 Mzee Karume mwenyewe aliuawa kwa risasi katika makao ya chama, Kisiwandui, na Aboud Jumbe akashika nafasi yake.

Tunayaeleza haya ili msomaji apime uzito wa kilichofuata. Katika nchi ile, hadi hapo, mtawala mmoja alikuwa amepinduliwa na mwingine ameuawa.

Kiti cha Spika

Mwaka 1977 Afro-Shirazi na TANU viliungana kuwa Chama cha Mapinduzi. Mwaka 1979 Zanzibar ilipata katiba yake ya kwanza tangu Mapinduzi, na Januari 1980 Baraza la Wawakilishi lilianza kazi. Miaka 16 ilikuwa imepita bila chombo cha namna hiyo. Ulikuwa pia ndio mwaka ambao Zanzibar ilifanywa kuwa jimbo Katoliki kamili.

Sheikh Idris alikuwa Spika wa Baraza hilo katika miaka yake ya mwanzo. Mwalimu alirudi darasani, tunaweza kusema, ingawa wanafunzi wake safari hii walikuwa watu wazima, wengine wakubwa kuliko yeye kwa cheo. Kazi ya Spika yafanana na ya mwalimu kwa jambo moja: yeye ndiye anayetoa nafasi ya kusema, lakini yeye mwenyewe hasemi sana. Lazima asikilize hata lile asilolipenda. Lazima amkatize anayependwa na wote akivuka mpaka, na amlinde mnyonge apate dakika zake. Katika nchi ambayo kwa miaka mingi watu walizoea kusikia amri, kujenga mazoea ya kusikilizana lilikuwa jambo jipya.

Si kwamba Baraza lilikuwa huru kwa kila hali. Chama kilikuwa kimoja, na chama ndicho kilichoshika hatamu. Lakini humo ndimo ulimozaliwa ujasiri wa kuuliza maswali. Mwishoni mwa mwaka 1983 maswali makubwa kuhusu Muungano yalianza kuulizwa hadharani, na hewa ya kisiasa, kama walivyoiita watu wa wakati ule, ikachafuka. Januari 1984, katika kikao cha Halmashauri Kuu ya Taifa ya chama huko Dodoma, Aboud Jumbe alilazimika kujiuzulu nyadhifa zake zote. Ali Hassan Mwinyi, mwalimu mwingine, alishika nafasi ya Rais wa Zanzibar. Mwaka huohuo Baraza la Wawakilishi lilipitisha Katiba mpya ya Zanzibar, iliyoanza kutumika Januari 1985, na ambayo kwa mara ya kwanza iliorodhesha haki za msingi za mwananchi. Spika alikuwa Sheikh Idris.

Rais wa kura nyembamba

Mwaka 1985 Mwalimu Nyerere aling'atuka. Mwinyi akateuliwa kugombea urais wa Muungano, na Zanzibar ikahitaji mtu wa kuichukua. Ndani ya chama walishindana wawili: Sheikh Idris, Spika, mtu wa Unguja, aliyekuwa na miaka 60; na Seif Sharif Hamad, Waziri Kiongozi, mtu wa Pemba, kijana mwenye miaka 41 hivi. Seif naye alikuwa mwalimu kwa asili, na mpaka anakufa watu walimwita Maalim. Katika kura za Halmashauri Kuu, Sheikh Idris alishinda kwa tofauti ndogo.

Kisha jina lake lilipelekwa kwa wananchi. Chini ya chama kimoja, mpiga kura aliulizwa kusema ndiyo au hapana juu ya mgombea mmoja. Mara nyingi wagombea wa aina hiyo walipata ndiyo karibu zote. Sheikh Idris alipata takribani ndiyo sita katika kila kura kumi, na upinzani ulikuwa mkubwa zaidi Pemba. Ulikuwa ujumbe mzito. Kisiwa kimoja kilikuwa kimemwambia, kabla hajakalia kiti, kwamba hakimtaki.

Aliapishwa Oktoba 1985. Alikuta uchumi mgumu. Zanzibar iliitegemea karafuu, na bei ya karafuu katika soko la dunia ilikuwa inaporomoka, hasa baada ya Indonesia, mnunuzi wake mkubwa wa zamani, kuanza kuzalisha zake za kutosha. Serikali yake iliendeleza ufunguzi wa biashara ulioanza chini ya Mwinyi. Mwaka 1986 ilipitishwa sheria ya kulinda vitega uchumi, iliyofungua njia ya hoteli na utalii tunaouona leo katika fukwe za Unguja. Mwaka 1985 pia iliundwa mamlaka ya kuhifadhi Mji Mkongwe, kwa kuwa nyumba za zamani zilikuwa zinaanguka moja baada ya nyingine. Anayepita leo katika vichochoro vya Shangani, akainua macho aone minara miwili ya kanisa letu bado imezungukwa na nyumba za mawe zilizosimama, ajue kwamba kazi ya kuziokoa ilianza miaka hiyo.

Walimu wawili

Sasa tufike kwenye kidonda. Rais na Waziri Kiongozi wake walikuwa wale wale wawili walioshindania kiti. Sheikh Idris alimbakiza Seif katika nafasi yake, na kwa zaidi ya miaka miwili walifanya kazi katika serikali moja. Lakini kila mmoja alikuwa na watu nyuma yake, na watu wa nyuma mara nyingi ni wakali kuliko wenyewe. Waliobaki na kumbukumbu za mwaka 1964 waliwaona vijana wa Seif kuwa wanataka kuyafuta Mapinduzi. Vijana waliwaona wazee kuwa wanataka kuishi kwa chuki za zamani. Nyuma ya yote kulikuwa na Unguja na Pemba.

Januari 1988 Sheikh Idris alivunja serikali yake. Alieleza kwamba kulikuwa na watu waliopanga kuipindua. Aliyeondolewa alikuwa Seif, na mahali pake akawekwa Dkt. Omar Ali Juma, ambaye naye alikuwa Mpemba. Seif alikanusha tuhuma hizo, wala hakuwahi kuhukumiwa na mahakama kwa kosa la kupindua serikali. Mei 1988 yeye na wenzake kadhaa walifukuzwa katika chama. Mwezi huohuo Waislamu waliandamana mjini kupinga maneno yaliyosemwa na kiongozi wa jumuiya ya wanawake ya chama kuhusu ndoa za mitara. Polisi walifyatua risasi na kukawa na vifo. Mei 1989 Seif alitiwa ndani, akakaa kizuizini kwa takribani miaka miwili na nusu, hadi Novemba 1991.

Hatuwezi kuandika maisha ya mtu tukaruka sehemu hii. Wapo wanaosema Rais hakuwa na njia nyingine, kwamba nyumba ilikuwa inawaka na ilibidi kubomoa ukuta mmoja. Wapo wanaosema alisikiliza zaidi waliomzunguka kuliko yule aliyekaa naye meza moja. Sisi tunaona hivi: aliyekuwa Spika, ambaye kazi yake ilikuwa kumpa nafasi ya kusema hata asiyekubaliana naye, alipokuwa Rais hakufanikiwa kuiweka nafasi hiyo wazi. Waliofukuzwa hawakupotea. Vyama vingi viliporuhusiwa mwaka 1992, wao ndio waliokuwa msingi wa chama cha CUF, na ugomvi ambao ungeweza kumalizwa na walimu wawili ndani ya chumba kimoja ukawa ugomvi wa visiwa viwili. Uchaguzi wa mwaka 1995 ukagombaniwa, na Januari 2001 damu ikamwagika. Ilikuwa mwaka 2010 ndipo pande mbili zilipokaa katika serikali moja ya umoja wa kitaifa.

Kila mmoja wetu amewahi kuona jambo hili kwa udogo: paroko na msaidizi wake wasiosemeshana, mwenyekiti wa halmashauri ya walei na katibu wake, kila mmoja na kundi lake. Waamini hugawanyika kabla wao wawili hawajafikiria kupatana. Gharama ya ukimya wa wakubwa hulipwa na wadogo.

Kuondoka

Mwaka 1990 kipindi cha miaka mitano kilimalizika. Kwa desturi ya wakati ule, Rais aliyekuwa madarakani aliombwa kuendelea, na hakuna ambaye angemzuia kwa urahisi. Sheikh Idris hakugombea tena. Chama kilimteua Dkt. Salmin Amour, uchaguzi ukafanyika Oktoba, na Sheikh Idris akakabidhi kiti.

Leo jambo hili laweza kuonekana dogo. Tuhesabu pamoja. Sultani Jamshid aliondolewa kwa mapinduzi. Mzee Karume aliuawa akiwa madarakani. Aboud Jumbe alilazimishwa kujiuzulu. Ali Hassan Mwinyi aliondoka kwa kupanda cheo kikubwa zaidi, akawa Rais wa Muungano. Idris Abdul Wakil alikuwa mtawala wa kwanza wa Zanzibar, tangu uhuru, kumaliza muda wake, kuacha kugombea kwa hiari na kurudi kuwa raia. Hakuna bunduki iliyomtoa. Hakuna kikao kilichomshtaki. Aliondoka kwa miguu yake.

Mwenye kuwapenda watu huweza kuwaachia. Musa aliwaongoza Waisraeli miaka 40 na hakuvuka Yordani. Alimwekea Yoshua mikono, akapanda mlimani. Yohane Mbatizaji aliwaona wanafunzi wake wakimfuata mwingine, naye akafurahi. Na mwalimu wa shule, kama tulivyosema hapo juu, kila mwaka huwaachia watoto aliowalea waende kwa mwalimu mwingine, bila kuwang'ang'ania kana kwamba ni mali yake. Labda ndiyo sababu, kati ya watu waliokuwa wakuu wa nchi yetu katika miaka ile, wale tunaowakumbuka kwa kuondoka kwa amani ni watu waliowahi kushika chaki. Mwalimu Nyerere mwaka 1985. Sheikh Idris mwaka 1990. Mzee Mwinyi mwaka 1995.

Baada ya hapo aliishi miaka kumi bila cheo. Alifariki dunia tarehe 15 Machi 2000, akiwa amebakiza majuma machache tu kutimiza miaka 75. Alizikwa Makunduchi, katika ardhi ile ya mawe alikozaliwa. Mwaka huohuo, mwezi wa Desemba, Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Hakuwahi kuyaona maridhiano ya mwaka 2010. Naye Maalim Seif, mpinzani wake, aliishi hadi Februari 2021, akafariki akiwa Makamu wa Kwanza wa Rais katika serikali iliyoongozwa na chama kilichomfukuza.

Tunachojifunza

Hatumfanyi Sheikh Idris kuwa mtakatifu. Hata sisi kwa sisi hatufanyi hivyo haraka. Alitoka katika kijiji kikavu akafika Makerere. Aliacha kazi ya uhakika kwa ajili ya kile alichoamini. Aliketi katika kiti cha Spika wakati nchi yake ilipoanza upya kujifunza kuzungumza. Alishindwa kupatana na mwenzake, na kushindwa huko kuliwagharimu wengi. Kisha akaacha madaraka bila kusukumwa.

Ndugu mafrateri, tukichukua mawili haya ya mwisho na kuyaweka pamoja, tunapata funzo ambalo halipatikani kwa wasiokosea. Kuondoka vizuri hakufuti makosa ya mtu aliyokaa nayo, ila huwaachia wengine nafasi ya kuyarekebisha. Mtu akifia kitini, ugomvi wake humrithi mwanawe. Akiondoka mwenyewe, mlango hubaki wazi, hata ikichukua miaka 20 kwa mwingine kuupita.

Basi tunapoandaliwa kupokea, tujizoeze mapema kuachia. Aliyepewa usimamizi wa maktaba ya seminari mwaka huu, mwaka ujao atampa mwingine. Akabidhi funguo zote, hata ule mdogo wa kabati la ndani. Aeleze vitabu vipi vimepotea. Asirudi kila juma kuangalia kama mrithi wake anafanya kama yeye. Na kama kuna mwenzake ambaye hawasemeshani, amfuate kabla ya kukabidhi, kwa sababu kazi hiyo mrithi hataweza kumfanyia.

Nanyi wanaparokia wa Unguja, siku mkipita Kikwajuni mkaona jina lile juu ya ukumbi, wasimulieni watoto wenu habari za mwalimu wa Makunduchi. Waambieni yote mawili, lililomshinda na aliloliweza. Tena msisahau kuwaombea amani wote waliotangulia, wa upande ule na wa upande huu, kwa kuwa Mungu aliyewaumba ni mmoja, na kisiwa walichokigombania ndicho tulichorithi.